Msaipresi wa limau Rutamba: piga hesabu kabla ya kununua

Kwenye picha za simu, msaipresi wa limau hauna mpinzani. Ni mti mdogo wa umbo la koni, wenye majani mororo ya kijani kinachoelekea njano, umekaa ndani ya chungu cheupe pembeni mwa kochi. Ukiyapikicha majani yake, vidole vinanukia limau. Wenye nyumba za kulala wageni wanautaka mapokezi, waliohamia nyumba mpya wanautaka barazani, na Desemba ikikaribia wapo wanaoutafuta kwa ajili ya Krismasi. Swali huwa ni lile lile: unapatikana wapi, na ni shilingi ngapi?

Kwa mkazi wa Rutamba, kilomita kama 40 magharibi mwa mji wa Lindi, kuna swali linalotangulia hilo. Bei ya mche kitaluni ni sehemu ndogo ya gharama yake. Sehemu kubwa ni ile utakayolipa kila wiki kuutengenezea mti huo hali ya hewa ambayo Rutamba haina. Makala haya yanaulinganisha msaipresi wa limau na mimea mingine sita inayoweza kukaa kwenye chungu, kwa gharama, kwa kazi na kwa uwezekano wa kuwa hai mwakani. Mwishoni yapo maelekezo ya kuutunza, kwa yule ambaye hata baada ya hesabu bado anautaka.

Unakotoka mti wenyewe

Msaipresi wa limau ni aina ya bustani iliyochaguliwa kutokana na msaipresi wa Monterey, mti wa pwani ya California, Marekani. Kwa asili mti huo umebaki sehemu mbili tu, Cypress Point na Point Lobos, kwenye majabali yanayopigwa na upepo wa bahari ya Pasifiki. Bahari ile ni ya baridi. Wakati wa kiangazi ukungu hutanda pwani, na joto la mchana mara nyingi haliendi mbali na nyuzi 20. Aina ya rangi ya dhahabu inayouzwa zaidi, iitwayo ‘Goldcrest’, ilikuzwa Cornwall, kusini magharibi mwa Uingereza, mwishoni mwa miaka ya 1940. Huko nako ni nchi ya ubaridi na manyunyu.

Sasa linganisha na kwetu. Kati ya Novemba na Machi, joto la mchana katika ukanda wa Lindi hufika nyuzi 30 na kupita, na usiku wenyewe hubaki juu ya nyuzi 20. Mvua za msimu huanza kati ya Novemba na Desemba na kwisha Aprili au Mei. Baada ya hapo kiangazi kinakamata hadi Oktoba. Unyevunyevu wa hewa ya pwani hausumbui msaipresi. Kinachousumbua ni usiku wenye joto, kwa kuwa mti wa nchi za ubaridi hutumia usiku kupumzika, na ukikosa ubaridi unatumia akiba yake kuliko unavyoijaza. Ongeza na mizizi iliyobanwa ndani ya chungu cheusi cha plastiki kilichopigwa na jua la saa nane mchana, na utaelewa kwa nini miche mingi iliyofika pwani ikiwa mizuri hukauka kabla ya miezi mingi kupita.

Afrika Mashariki ina kumbukumbu yake na mti huu. Msaipresi wa Monterey ulipandwa sana katika nyanda za juu za Kenya mwanzoni mwa karne iliyopita, ukashambuliwa na ugonjwa wa kuvu unaosababisha vidonda kwenye magome. Kufikia miaka ya 1950 wasimamizi wa misitu walikuwa wameuacha na kuhamia msaipresi wa Mexico, ule unaoonekana leo Shume huko Lushoto na kwenye miteremko ya Meru na Kilimanjaro. Kisha wakaja vidukari wa msaipresi: walionekana Malawi mwaka 1986, Tanzania 1988 na Kenya 1990, wakakausha ua na mashamba ya miti kwa kiwango kikubwa. Kwa hiyo hata huko milimani, kwenye hewa inayoufaa, mti huu una maadui. Rutamba unaongezewa adui mwingine, joto.

Gharama tano ambazo muuza miche hazitaji

Ya kwanza ni usafiri. Misaipresi ya limau huuzwa zaidi kwenye vitalu vya mikoa ya baridi kama Arusha na Kilimanjaro, na kwa wauza miche wa kando ya barabara Dar es Salaam. Kutoka Dar hadi Lindi ni kilomita zaidi ya 450. Mche utasafiri ndani ya buti la basi, kwenye joto na giza, umelazwa kati ya magunia na masanduku. Halafu kuna gari dogo au bodaboda ya kuufikisha Rutamba. Barabara yenyewe ina siku zake: Mei 2024, mvua zilizoambatana na Kimbunga Hidaya zilikata mawasiliano ya barabara wilayani Kilwa na magari yakakwama. Binadamu aliyekwama hushuka akatafuta maji na kivuli. Mche uliofungiwa kwenye buti hauna ujanja huo.

Ya pili ni chungu na udongo. Kiriba ambacho mche umekuja nacho hakitoshi kwa muda mrefu. Utahitaji chungu cha lita 10 hadi 15 chenye matundu chini. Ndoo ya rangi iliyokwisha matumizi inafaa kama imeoshwa vizuri na kutobolewa, na ikiwa nyeupe ni bora kuliko nyeusi. Udongo wa mfinyanzi wa bondeni hautafaa peke yake, kwa sababu unashika maji na kuozesha mizizi. Changanya sehemu mbili za udongo wa juu, moja ya mboji na moja ya mchanga mnene usio wa baharini.

Ya tatu ni maji. Katika miezi ya joto, chungu cha lita 10 kilichokaa penye mwanga kitataka kati ya nusu lita na lita moja kwa siku. Kwa mwezi ni lita 15 hadi 30, yaani robo tatu ya ndoo ya lita 20 hadi ndoo moja na nusu. Si maji mengi, ila hayakubali kuahirishwa. Ukisafiri siku nne kwenda msibani na hakuna aliyeachiwa kazi, unaweza kurudi ukakuta mti umeshakauka. Na kama kisima chako kina maji ya chumvichumvi, itabidi uvune ya mvua au ununue mengine.

Ya nne ni nafasi yenye mwanga. Picha za mtandaoni zinauonyesha sebuleni, lakini msaipresi ni mti wa jua. Unataka saa sita au zaidi za mwanga mkali kila siku. Sebule zetu nyingi zimejengwa ziwe na kivuli, madirisha madogo na mapazia mazito, na ni sawa kabisa kwa sababu ndivyo nyumba inavyokuwa na ubaridi. Kinachomfaa mwenye nyumba ndicho kinachoua msaipresi. Mahali pake Rutamba ni barazani upande wa mashariki, upate jua la asubuhi na kukwepa lile la mchana linaloakisiwa na bati na sakafu ya saruji.

Ya tano ni uwezekano wa kufa, na hii ndiyo kubwa kuliko zote. Majani ya msaipresi yakishakuwa ya kahawia hayarudi kuwa kijani, na tawi lililokauka halichipui upya. Mwarobaini ukiukata leo, wiki chache baadaye una machipukizi. Msaipresi hauna tabia hiyo. Kosa moja la wiki moja linabaki kuwa doa la kudumu upande mmoja wa mti, hata kama mti wenyewe utapona.

Washindani wake sita

Kabla ya kulinganisha, jiulize unanunua nini hasa. Wapo wanaotaka umbo la koni la kijani kibichi mwaka mzima, wapo wanaotaka harufu ya limau, na wapo wanaotaka tu kitu hai ndani ya nyumba. Mahitaji hayo matatu yana majibu matatu tofauti.

Araukaria. Huu ndio mti ambao wauza miche wengi wa pwani huuita mti wa Krismasi: shina moja lililonyooka, matawi yamepangwa ghorofa kwa ghorofa. Asili yake ni kisiwa cha Norfolk kwenye Pasifiki ya kusini, mahali penye hewa ya vuguvugu na upepo wa chumvi, ndiyo maana unasimama vizuri kwenye miji ya pwani. Unakua polepole, kwa hiyo mche mkubwa ni ghali, pengine kuliko msaipresi wenyewe. Lakini unavumilia joto, unavumilia kukaa ndani karibu na dirisha, na hautaki maji kila siku. Lita moja kila siku tatu au nne inatosha mche wa kimo cha magoti. Unaponunua, tazama kilele: kiwe kizima na kimesimama wima, kwa sababu kikikatika umbo limeharibika moja kwa moja. Matawi ya chini yakidondoka kwa kukosa mwanga hayaoti tena.

Tuya. Huu ndio unaouzwa mara nyingi kwa jina la msaipresi wa limau, wakati mwingine bila muuzaji mwenyewe kujua. Nao ni wa njano na kijani, nao una umbo la koni au yai. Tofauti iko kwenye majani. Ya tuya ni bapa na yamesimama wima yakipangana kama kurasa za kitabu kilichofunguliwa kidogo. Ya msaipresi wa limau si bapa: yametawanyika pande zote na ni mororo ukiyagusa. Kipimo cha mwisho ni pua: pikicha ncha ya tawi, unuse. Kama hakuna limau, usilipe bei ya limau. Hata hivyo tuya si mti wa kudharau. Unavumilia jua na joto kuliko msaipresi, na kwa anayetaka umbo tu, mbele ya mlango au pande mbili za ngazi, ni chaguo la busara. Ndani ya nyumba usiuweke.

Mvinje. Mti wa ufukweni, unaojulikana na kila mtu wa pwani kuanzia Kilwa hadi Mikindani. Kwa mbali unafanana na msindano, ingawa si wa ukoo huo, na ukikatwakatwa ncha mara kwa mara tangu ukiwa mchanga, unakubali umbo la koni hata kwenye chungu. Ugumu wake una ushahidi: mwaka 1971 René Haller alipoanza kupanda miti kwenye machimbo ya kiwanda cha saruji Bamburi, Mombasa, juu ya mwamba mtupu wa matumbawe, mvinje ulikuwa miongoni mwa michache iliyostahimili, na ndio uliojenga msitu wa mwanzo pale. Mizizi yake inashirikiana na vijidudu vinavyonasa naitrojeni kutoka hewani, kwa hiyo hata mbolea haudai sana. Mche ni wa bei ndogo, au wa bure kama una mtu Lindi mjini. Kasoro yake ni haraka: bila mkasi kila mwezi, utakuzidi kimo kabla ya mwaka kwisha. Nao ni wa nje, si wa sebuleni.

Mndimu au mlimau wa kubebesha. Kama ni limau unalotaka, kwa nini usinunue limau lenyewe? Mche uliobebeshwa unaweza kuanza kuzaa baada ya miaka miwili au mitatu, wakati uliooteshwa kwa mbegu hukusubirisha zaidi. Majani yake yananukia ukiyapikicha, maua yake yananukia bila kuguswa, na ndimu zinaingia kwenye mchuzi wa samaki. Gharama yake ni ukubwa. Unataka chungu cha lita 40 au zaidi, na wakati wa joto utakunywa lita mbili hadi nne kwa siku, ambazo zikifika lita nne ni ndoo sita kwa mwezi. Tena una wageni wake. Chunguza majani machanga asubuhi: ukiona vitu vyeusi vyenye madoa meupe vinavyofanana na kinyesi cha ndege, usivipuuze. Ni viwavi wadogo wa kipepeo wa michungwa. Wakikua hugeuka kijani na wanaweza kuumaliza mche mdogo kwa siku chache. Dawa yake ni mkono: waokote, waue.

Mchaichai. Kwa upande wa harufu, huu hauna wa kushindana nao. Shina moja lenye mizizi kutoka kwa jirani, ndoo kuukuu iliyotobolewa, maji kila baada ya siku mbili, na baada ya miezi michache una kichaka. Harufu yake ya limau ni kali kuliko ya msaipresi, inaingia kwenye chai, na mmea ukizeeka unaugawa ukapanda upya. Gharama ya kuanza inakaribia sifuri. Ubaya wake ni sura: ni majani marefu yanayoinama, hauna umbo la picha. Mrehani nao uko kundi hili. Watu wa pwani wameupanda uani kwa vizazi, kwa ajili ya kikuba na harufu ya nyumba, na mbegu zake unazivuna mwenyewe.

Zamiokulkasi. Wa mwisho kwenye orodha ndio unaopaswa kumshangaza msomaji wa Lindi. Ni mmea wa majani mazito yanayong’aa kama yaliyopakwa mafuta, unaouzwa kwenye maduka ya maua Ulaya, Marekani na Asia kwa sifa ya kuvumilia chumba chenye mwanga hafifu na mwenye nyumba msahaulifu. Wakulima wa maua wa Uholanzi waliuingiza kwenye biashara kubwa miaka ya 1990. Mmea wenyewe kwao ni wapi? Ni misitu na vichaka vya Afrika Mashariki na kusini, kuanzia Kenya, kupitia Tanzania na Zanzibar, hadi Afrika Kusini. Huhifadhi maji kwenye viazi vyake chini ya udongo, hivyo kumwagilia mara moja kwa wiki mbili kunatosha. Hauna harufu ya limau na hauna umbo la koni, ila kama hitaji lako ni kitu hai, cha kijani, ndani ya sebule yenye kivuli, hakuna kwenye orodha hii kinachoufikia. Uweke mbali na watoto wadogo, kwa sababu utomvu wake unawasha mdomo na ngozi.

Kuna tahadhari moja kuhusu mimea ya asili. Ukanda wa Rutamba ni maarufu kwa wataalamu wa mimea. Mjerumani Hans-Joachim Schlieben alikusanya sampuli nyingi kando ya ziwa la Rutamba, ambalo kwenye lebo zake liliandikwa Lutamba, mwaka 1934 na 1935, na Msitu wa Hifadhi wa Litipo uliopo jirani unajulikana kwa mimea isiyopatikana sehemu nyingi duniani. Hiyo si ruhusa ya kwenda na jembe. Hifadhi ni hifadhi. Zamiokulkasi unaoteshwa hata kwa jani moja lililochomekwa kwenye mchanga wenye unyevu. Linachukua miezi mingi kutoa kiazi na mizizi, lakini ni bure, na msitu unabaki na wake.

Hesabu ya mwezi kwa mwezi

Njia rahisi ya kulinganisha mimea ni kugawa gharama yote ya kuanza kwa idadi ya miezi ambayo mmea unatarajiwa kuwa hai na mzuri. Tarakimu zifuatazo ni za kuonyesha hesabu tu. Weka za kwako kutokana na bei utakayotajiwa.

Tuseme msaipresi wa limau unauzwa sh 30,000, kuusafirisha ni sh 10,000, na chungu pamoja na udongo ni sh 10,000. Jumla ni sh 50,000. Ukipendeza kwa miezi minne halafu ukakauka, umelipa sh 12,500 kwa mwezi, bila kuhesabu maji. Ukifanikiwa kuufikisha mwaka mzima, ni kama sh 4,200 kwa mwezi.

Tuseme araukaria ni sh 60,000, na usafiri, chungu na udongo ni sh 20,000. Jumla sh 80,000, kubwa kuliko ya kwanza. Ikikaa miaka mitano, yaani miezi 60, unalipa kama sh 1,300 kwa mwezi. Mti uliokuwa ghali dukani umekuwa wa bei nafuu nyumbani.

Mndimu wa kubebesha, tuseme ni sh 5,000, na pipa au ndoo kubwa pamoja na udongo ni sh 25,000. Jumla sh 30,000. Kwa miaka mitano ni sh 500 kwa mwezi, kisha ongeza maji na utoe thamani ya ndimu utakazochuma. Kwa mchaichai, hesabu yenyewe haina haja: ndoo kuukuu, udongo wa uani na ahsante kwa jirani.

Hesabu hii inabadilika kwa mtu mmoja: mwenye biashara. Nyumba ya wageni inayonunua maua ya kukata kwa ajili ya mapokezi tayari imezoea kutupa maua kila wiki. Kwa huyo, msaipresi unaopendeza miezi minne ni pambo la msimu, na sh 12,500 kwa mwezi huenda ikawa chini ya alizokuwa akitumia. Kwa familia, ni anasa ambayo inafaa ijulikane kuwa ni anasa kabla ya pesa kutoka.

Harufu na mbu

Mtandaoni utasoma kwamba msaipresi wa limau hufukuza mbu. Usinunue kwa sababu hiyo. Mafuta ya mimea yanayofukuza mbu hufanya kazi yakiwa yamekamuliwa na kupakwa mwilini kwa kipimo, na hata hapo nguvu yake hupungua baada ya saa chache. Mti uliosimama kimya pembeni hautoi mafuta ya kutosha hewani, na ndiyo maana wewe mwenyewe huisikii harufu mpaka uyapikiche majani. Hilo ni kweli pia kwa mchaichai na mrehani. Lindi bado ni mkoa wenye malaria ya kutosha. Fedha ya kinga iende kwenye chandarua chenye dawa, na sahani ya chungu isiachwe na maji yaliyotuama, maana mti wa kufukuza mbu unaweza kuishia kuwa mazalia yao.

Ukiamua kuununua

Chagua mwezi. Wengi huutafuta Desemba kwa ajili ya Krismasi, ambao ndio mwanzo wa kipindi kibaya zaidi kwake. Ukinunua Juni au Julai, wakati wa kipupwe, mti unapata miezi mitatu ya kuzoea kabla ya joto kupanda. Anayeishi juu ya uwanda wa Rondo, mkoani humu Lindi, ambao sehemu zake za juu zinakaribia mita 900 kutoka usawa wa bahari, ana nafuu ya kweli: kwa kimo hicho joto hupungua kwa nyuzi kama tano ukilinganisha na pwani. Kama una ndugu huko, mti wako ukakae kwake.

Kagua kabla ya kulipa. Mazungumzo na muuzaji huwa mafupi. “Mzee, huu utavumilia joto la Lindi?” “Unavumilia bosi, wewe mwagilia tu.” Usibishane, ukague mti. Fungua matawi kwa vidole utazame ndani karibu na shina. Kahawia kidogo katikati ni kawaida, kahawia inayofika nje si kawaida. Utikise mche taratibu juu ya karatasi nyeupe. Majani mengi yakidondoka, mti umeshakauka ingawa rangi bado haijaonyesha. Tazama matawi kama yana utomvu wa kunata au masizi meusi, dalili za vidukari. Utando mwembamba na vidoa vya kijivu ni dalili za utitiri. Chungulia matundu ya chini: mizizi meupe ni afya, mizizi myeusi inayonuka ni kuoza. Miche iliyopulizwa rangi ya kung’aa kwa ajili ya sikukuu iache, kwa sababu rangi inaficha majani yaliyokufa.

Usipitishe mche mpakani kwa njia za panya. Kama ndugu wa Mombasa au Nairobi anataka kukuletea, mimea hai inayoingia nchini inahitaji kibali na cheti cha afya ya mimea. Mwenye dhamana hiyo kwa upande wa Tanzania ni Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA. Vidukari wa mwaka 1988 hawakuja kwa miguu.

Safirisha ukiwa umemwagiliwa. Mwagilia jioni ya kuamkia safari, acha maji yachuruzike, funga chungu kwa mfuko wa plastiki ili udongo usimwagike, na majani yafungwe kwa kitenge au karatasi, si plastiki. Omba ukae nao ndani ya basi. Ukilazimika kuuweka kwenye buti, uwe mbali na injini.

Ukifika, usiuhamishe chungu siku hiyo hiyo. Uache kivulini penye mwanga kwa wiki moja au mbili, kisha uusogeze kwenye jua la asubuhi kidogo kidogo. Unapohamisha, chungu kipya kizidi cha zamani kwa vidole vitatu hivi upande kwa upande, na bonge la udongo lisivunjwe.

Kumwagilia: chomeka kidole udongoni hadi pingili ya pili. Kukiwa na unyevu, subiri. Kukianza kukauka, mwagilia mpaka maji yatoke chini, kisha mwaga yaliyobaki kwenye sahani. Baada ya wiki chache mkono utakufundisha: ukiinua chungu upande mmoja utajua kwa uzito kama kina maji. Mwagilia asubuhi au jioni. Zungusha chungu robo duara kila wiki ili pande zote zipate mwanga sawa.

Kupunguza: kata ncha za kijani tu, kidogo kidogo, kwa mkasi mkali. Usiingie kwenye sehemu ya kahawia, haitachipua. Mbolea ni konzi moja ya mboji iliyoiva juu ya udongo kila baada ya miezi miwili, na isiwekwe kabisa kwenye miezi ya joto kali ambapo mti tayari umechoka. Utitiri ukianza, nyunyiza maji kwa nguvu chini ya matawi siku kadhaa mfululizo kabla ya kukimbilia dawa.

Nani achukue nini

Unataka umbo la mti wa Krismasi litakaloonekana mwaka huu na miaka mingine: nunua araukaria, hata kama itabidi uanze na mche mdogo. Unataka koni ya njano nje ya mlango kwenye jua: tuya, kwa bei ya tuya. Huna pesa ila una mkasi na subira: mvinje. Unataka limau la kunusa na la kula: mndimu wa kubebesha kama maji yapo, mchaichai kama maji ni ya shida. Una sebule yenye kivuli na safari nyingi: zamiokulkasi.

Msaipresi wa limau unabaki na wateja wa aina mbili. Mmoja ni mwenye biashara anayeununua kama pambo la miezi michache na ameshaingiza kwenye bajeti gharama ya kuubadilisha. Mwingine ni mpenda mimea anayeishi sehemu za juu za Rondo, au mwenye baraza la mashariki, maji karibu na mtu wa kudumu nyumbani, anayejua kwamba hata kwa hayo yote mti unaweza kumfia Februari. Kama wewe si mmoja wa hao wawili, chukua araukaria kwa ajili ya macho na mchaichai kwa ajili ya pua. Kwa tarakimu zetu za mfano, vyote viwili kwa miaka mitano vitakugharimu pungufu ya misaipresi miwili inayokauka kila mmoja baada ya miezi minne.